Muhali wa Kuomba Mara Mbili

Kiponda, Unguja
9 Disemba 2003

Mdogo wangu Ghanim,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Tumefunga, tumefungua, na Idi imepita kimya kama ulivyotaraji. Kawthar alikuja na wanawe kutoka Kikwajuni, wakala, wakaondoka na mabakuli yangu mawili ambayo sitayaona tena. Riyama mkeo hajambo? Mazin kamaliza mitihani? Mwambie shangazi yake anamuulizia.

Mimi nimo katika eda, mwezi wa tatu huu. Nyumba imekuwa kubwa. Asubuhi bado nachemsha chai ya watu wawili. Nikishamimina yangu ndipo ninapokumbuka, na ile iliyobaki roho hainipi kuimwaga, basi naimaliza mwenyewe. Watu wakiniuliza mbona silali, wanadhani ni huzuni. Nusu yake ni chai.

Unakumbuka Hisham alivyokuwa akimenya chungwa? Ganda moja refu, halikatiki, kisha analitundika kwenye sikio la kikombe. Juzi nimejaribu. Limenikatikia mara nne.

Bi Sichana kaja tena kutoka Mkokotoni kunipa pole. Ni barazani kwake alipofia, kwa hiyo anaona ni wajibu wake kunisimulia kila akija. Hisham alikwenda kununua dagaa, akakaa, akaomba maji, akasema, "Hapa pananichoma," akaweka mkono, basi. Miezi sita tangu aliporudi kutoka kwenu Maskati na ile springi mliyomtia ndani ya mshipa wa moyo ili usizibe. Bi Sichana akifika hapo analia, na mimi mfiwa ndiye ninayembembeleza.

Usiniletee vitambaa tena. Mjane wa eda vitambaa vya nini?

Dada yako,
Asila

(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwengine:)

Mjomba, shikamoo. Mimi Kawthar. Nimepewa barua nimpelekee Msabah anayesafiri kesho. Mama hakukuandikia kwamba akipanda ngazi anasimama mara tatu, na kila akisimama anajidai anafunga kanga. Hospitali wamempima, wamesema mishipa ya moyo imeingia wembamba, aende nje akatazamwe. Karatasi kaificha chini ya msala wake wa kusalia. Usimwambie kama nimekwambia.


Maskati
28 Disemba 2003

Dada Asila,

Shikamoo. Sisi sote salama. Riyama anakusalimu, Mazin kafaulu, na baridi ya mwaka huu imetushinda, tunalala na soksi.

Kawthar kaniambia, na kaniambia nisiseme kama kaniambia. Mimi nasema. Dada, umri wako miaka hamsini na sita, unaficha karatasi ya hospitali chini ya msala! Unamficha nani? Na usinijibu eda. Eda haimzuii mgonjwa kutibiwa; muulize sheikh yeyote hapo mtaani, akikwambia vyengine nipe jina lake.

Kazi yangu ni hii, miaka kumi na minne sasa. Nasimama mkono wa kulia wa daktari katika chumba cha mishipa ya moyo, nampa anachotaka kabla hajataka. Najua ninachokwambia. Mshipa wa moyo ukiziba haukungoji utoke eda.

Wala usiogope. Mambo yamebadilika. Zamani tulikuwa tunamimina dawa ndani ya mshipa, mashine inapiga picha, tunaona kivuli cha njia ya damu, na kivuli ndicho tulichofuata. Kivuli kinadanganya. Ni kama bomba la maji: ukilitazama kwa nje zima, na ndani limejaa chokaa. Sasa tuna kipimo cha ndani. Tunapitisha waya mwembamba kuliko utambi mpaka ndani ya mshipa wenyewe. Nchani pana kidude kinachotoa mlio usiosikika. Mlio ukirudi, mashine inauchora mshipa duara, kama umeukata kwa kisu ukauchungulia. Unaona ukuta, unaona mafuta, unaona chokaa. Na ukishatia springi unatazama tena: imekaa sawasawa ukutani au imebaki inaning'inia? Maana ikining'inia damu huganda nyuma yake, na mtu anaweza kwenda hivihivi huku picha ya kivuli ilikuwa nzuri.

Basi njoo. Tiketi nitaishughulikia mimi. Usinijibu kwa vitambaa.

Mdogo wako,
Ghanim


Kiponda, Unguja
27 Januari 2004

Ghanim,

Wa alaykum salaam. Jumanne iliyopita nimetoka eda. Walikuja wanawake wa mtaa mzima, wakanikogesha, wakanitia udi mpaka nikakohoa, nikavaa kitambaa chako cha mwaka juzi. Kila mtu akasema nimependeza. Nilipotazama kioo nikamwona mama yetu.

Kawthar nimemsema. Kasema, "Mama, mimi nilikuwa napeleka barua tu." Nikamwambia barua haina mkono wa kujiandika. Kaitikia, lakini si kwa kutubu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kumbe unaweza kuandika. Kwenye simu unanikatiza kila nikitaka kusema neno, lakini karatasi hainikatizi, na mimi naisoma polepole, kwa miwani. Kwanza nilicheka. Ultrasaundi naijua, Kawthar kapigwa alipokuwa na mimba. Sasa umri huu na mimi nipigwe, waniambie moyo wangu ni mtoto wa kike au wa kiume.

Halafu sikucheka. Umenieleza kwa bomba, na hilo la bomba mimi silihitaji kuelezwa. Hisham kafanya kazi idara ya maji miaka ishirini na saba. Akija na kipande cha bomba zee lililokatwa ananiwekea juu ya meza ya chakula: "Tazama, Asila. Nje zima, ndani inapita njugu moja." Mimi naguta aondoe taka zake mezani.

Nnakuja kwenye suala langu, nalo ni moja. Hisham mlipomtia springi mwezi wa tatu wa mwaka jana, mlimtazama kwa ndani?

Nijibu hilo kwanza. Mengine yote tutayazungumza baadaye.

Asila


Maskati
20 Februari 2004

Dada mpenzi,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Alhamdulillahi umetoka eda salama. Huku tumesali Idi Kubwa, tumechinja mbuzi wawili kwa kushirikiana na jirani yetu Mmanga, na mmoja alikimbia mpaka barabara kuu, Mazin akamfuata bila viatu. Tumecheka wiki nzima. Riyama kapaka rangi sebule. Kachagua kijani, mimi sikuulizwa. Mvua imenyesha siku moja na barabara zikafungwa.

Nimeshazungumza na daktari wetu mkubwa juu yako. Mtu mwema sana, kasema nikulete wakati wowote. Kuna nafasi mwezi wa nne tarehe kumi na mbili. Tiketi tayari, unachotakiwa ni kuja na kanzu mbili na ile karatasi. Ukifika kiwanja cha ndege utaniona mimi.

Kuku wako wanataga? Msabah kaniambia umenunua kuku.

Ghanim


Kiponda, Unguja
18 Machi 2004

Ghanim,

Barua yako ya Februari nimeipata juzi. Uliyempa, Borafya, kafika nayo Kiembe Samaki kwa mamake, kaitia kabatini, kasahau. Nimekwenda kuichukua mwenyewe. Nikadhani, wacha, imechelewa lakini imebeba jawabu.

Imebeba mbuzi.

Nimesoma habari ya mbuzi, na rangi ya sebule, na mvua. Nikaigeuza karatasi, labda umeandika nyuma. Nikaitazama bahasha ndani. Sina kuku, sijapata kuwa na kuku. Msabah kakuchezea.

Suala langu nalirejea, pengine mwandiko wangu haukusomeka. Hisham alilala pale, wewe umesimama mkono wa kulia. Mlitazama ndani, au hamkutazama? Jawabu yake ni neno moja.

Tarehe kumi na mbili siji.

Dada yako


Maskati
10 Aprili 2004

Dada,

Shikamoo. Tiketi imepotea. Nafasi kapewa mtu mwengine. Daktari kaniuliza, "Dada yako yuko wapi?" Nimebaki kama mjinga.

Mambo ya kazini hayaandikiki kwenye barua za kupeana kwa mikono ya abiria. Na hata yangeandikika, yangekusaidia nini? Hisham kafikwa na siku yake. Ni kadari ya Mwenyezi Mungu, si wewe wala mimi. Wewe ungali hai, nami nahangaika na aliye hai, na yeye hataki! Nimechoka, dada. Unataka nikuzike kwa simu?

Nimezungumza na Kawthar. Anasema sasa unasimama mara tano.

Ghanim


Maskati
30 Mei 2004

Dada Asila,

Shikamoo.

Wiki saba hukuniandikia. Nikipiga simu Kawthar anasema, "Mama anasali." Juzi nimepiga saa nne asubuhi. Sala gani ya saa nne? Nikamwambia mpe simu. Nikakusikia kwa mbali: "Mwambie nangoja barua."

Basi hii hapa. Hatukutazama.

Ilikuwa Jumatano, mwisho wa wiki ya kazi huku kwetu, na Hisham alikuwa mgonjwa wa mwisho wa siku. Orodha ilikuwa imejaa tangu Jumapili. Nilimwomba daktari, kwa hisani, amuongeze shemegi yangu asije akarudi Unguja bila matibabu. Daktari akakubali. Alikuwa amesimama tangu asubuhi na lile koti la madini ya risasi la kuzuia mionzi, zito kama gunia. Akatia springi. Picha ikaja. Akasema, "Picha nzuri, Ghanim. Shemegi yako kapona." Watu wakaanza kuvua glavu.

Mimi nikaona kivuli, upande wa chini wa springi, chembamba kama unywele. Huenda ni kitu, huenda si kitu. Ndiyo sababu ya kipimo cha ndani kuwapo. Mashine yake ilikuwa hapohapo pembeni, imefunikwa kitambaa. Kuitayarisha ni robo saa. Hakuwa akiitumia kwa kila mtu, lakini alikuwa akikubali nikimkumbusha. Kwa wagonjwa wengine nilikuwa nikimkumbusha.

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Niliona muhali, ile haya ya kumsumbua mtu. Nilikuwa nimeshaomba nafasi, nimepewa. Mtu kakuongezea jamaa yako mwisho wa siku, kachoka, anataka kwenda kwa watoto wake, halafu wewe unaomba na la pili? Unajua tulivyolelewa. Mama akitupeleka kwa watu alikuwa akitufinya mlangoni: ukipewa chai usiulize mkate.

Hisham akanigeukia pale kitandani akaniuliza, "Tayari?" Nikamwambia, "Tayari, shemegi." Akaniambia, "Ahsante, nimekusumbua."

Sijui kama kivuli kile ndicho kilichomuua. Hakuna anayejua wala atakayejua. Nilichokijua nimekwambia. Riyama hajui. Sijamwambia mtu.

Sasa njoo ama usije, lakini usiseme sikukujibu.

Ghanim


Kiponda, Unguja
21 Juni 2004

Mdogo wangu Ghanim,

Wa alaykum salaam.

Barua yako ilifika siku ya Jumamosi. Nimekaa nayo wiki mbili. Kawthar alitaka kuisoma nikamwambia ni mambo ya mbuzi.

Siku ya kwanza nilikasirika na wewe. Siku ya pili nilikasirika na daktari, mtu nisiyemjua. Siku ya tatu na Hisham, kwa ile "nimekusumbua" yake. Alikuwa hivyo hivyo! Akienda kwa kinyozi akikatwa vibaya, anashukuru, anarudi nyumbani anavaa kofia mwezi mzima. Siku ya nne ilikuwa zamu ya mama, Mungu amrehemu, na mkate wake. Nilipomaliza watu wote nikabaki mimi. Maana na mimi nilikuwapo kwenye simu usiku wa kuamkia siku ile, ukaniuliza, "Una neno unataka nimwambie daktari?" Nikasema, "Hapana, wasije wakaona tuna maneno mengi."

Kadari usiniandikie wewe. Kadari naiamini, na nitajiambia mwenyewe nikiwa juu ya msala. Wewe niandikie la robo saa.

Sikwambii kama nimekusamehe. Nikikwambia utalala, na mimi sitaki ulale kwanza.

Lakini kifua kimenizidi, huo ndio ukweli. Jana nilisimama katikati ya ngazi na kapu la samaki, sipandi sishuki, mpaka paka akaja akachagua samaki anayemtaka, nami namtazama. Kwa hiyo nnakuja. Sharti langu ni hili: siku yangu, wakishamaliza, wewe ndiye utakayefungua mdomo. Useme mbele ya watu wote kwamba tunaomba kutazama ndani. Usimtumie daktari ujumbe kabla, usimnong'oneze kwenye korido, usimpelekee halua. Useme pale pale, kwa sauti. Nataka nisikie.

Ukishindwa na hilo, niambie sasa nisivae viatu.

Asila


Maskati
9 Julai 2004

Dada,

Shikamoo. Vaa viatu. Tarehe kumi na saba Agosti. Nitasema.

Ghanim


Kiponda, Unguja
12 Septemba 2004

Mdogo wangu Ghanim,

Assalaam alaykum. Nimefika salama, na ngazi zangu nimezipanda bila ya kusimama. Kawthar alikuwa nyuma yangu anahesabu. Nilipofika juu nikasimama kwa makusudi nikafunga kanga, akapiga kelele, nikacheka mpaka nikakaa chini. Mshukuru Riyama kwa mapishi yote. Sebule ya kijani nimeizoea siku ya tatu, mwambie.

Siku kumi na nane nimekaa nyumbani kwako na hatukulizungumza. Umenipeleka kuona soko la samaki, umenipeleka ufukweni, umenipeleka kumwona Mmanga na mbuzi wake wapya. Kila nikivuta pumzi nianze, wewe unaonesha jengo. Mpaka kiwanja cha ndege umenieleza bei ya tende. Basi nakuandikia, maana karatasi huwezi kuionesha jengo.

Ghanim, hata mara ile!

Nilikuwa nimelala macho. Walisema nitasinzia kwa dawa, sikusinzia, nilikuwa nangoja. Baridi ya chumba kile imeniingia mpaka kwenye meno. Daktari wako kweli mtu mwema, alinishika mkono na kuniuliza habari za Unguja. Nikahisi kinapita kitu kwenye paja, halafu joto kifuani wanapomimina dawa. Akatia springi. Akasema maneno yake, na hata mimi niliyafahamu, maana nilikuwa nayangojea miezi miwili: "Picha nzuri."

Nikakutazama. Umevaa kitambaa mdomoni, naona macho tu na koo. Koo likapanda, likashuka. Nikasema sasa hivi. Likapanda tena. Kijana mmoja mwenzako akaanza kukunja vitambaa. Daktari akarudi nyuma hatua moja. Nikamwona Hisham amelala mahali pangu, anaona koo hilohilo linapanda na kushuka, na yeye hajui linapanda kwa nini.

Nikasema mimi. Nilisema kwa Kiarabu changu cha chuo cha Kurani, kile cha kusomea dua, maana Kiarabu cha watu nakisikia, lakini cha kusema sina chengine: "Ewe daktari, tazama ndani." Masikini, alidhani naomba dua. Akaitikia, "Amin." Nikarejea kwa nguvu, "Ndani! Ndani!" huku nashika kifua, wakadhani nakata roho, wote wakanijia juu.

Hapo akakugeukia wewe: "Dada yako anasema nini?"

Nawe ukamwambia, "Anaomba tutazame kwa ndani."

Akakuuliza, nakumbuka neno kwa neno, "Anaomba yeye au unaomba wewe?"

Ukasema, "Anaomba yeye."

Nilikuwa na waya mwilini. Nisingekuwa nao ningeshuka nikakupiga. Mwanamume wa miaka hamsini! Kazi yako ni hiyo, chumba ni chako, na umeniacha mimi, niliyesoma mpaka darasa la saba, nimelala nusu uchi, ndiye nimfunze daktari kazi yake.

Wakaileta mashine. Walipotazama, daktari akaniita nigeuze kichwa nione. Duara la kijivu, na ndani yake vinukta vyeupe vimejipanga, ndiyo springi yangu. Na upande mmoja, chini, vinukta havikugusa ukuta. Pamebaki uwazi mweusi kama kucha ya mwezi. Picha ya kivuli ilikuwa nzuri na uwazi ule upo. Akatia tena puto la kuitanua springi, akalipuliza kwa nguvu zaidi, likaniuma nikalia, wakatazama mara ya pili, na vinukta vyote vikalala ukutani.

Nililia wakasema ni maumivu. Ulikuwa umesimama umeshika kitambaa cha mashine, hukukiweka chini mpaka nimetolewa.

Sikuchukii. Umenipa miaka, nami naitaka. Lakini leo nimekaa dirishani nafikiri: mimi nilikuwa na mdomo, na nilikuwa nimeshafiwa, ndiyo maana nilisema. Anayekuja kesho hajui lolote. Anajua kusema ahsante, nimekusumbua. Huyo ataombewa na nani?

Nakuuliza hili, na safari hii usiniletee mbuzi.

Dada yako anayekupenda na aliyekuchoka,
Asila


Maskati
6 Oktoba 2004

Dada Asila,

Shikamoo. Wote wazima.

Wiki tatu nimekaa na barua yako mfukoni. Riyama kaiona, akauliza, nimemsomea yote, na ile ya Mei nimemwambia kwa mdomo. Akaniondoshea sahani, akarudi, akakaa karibu yangu.

Leo ni Jumatano. Mgonjwa wa mwisho alikuwa mzee wa mji wa Sur, muuza kamba za meli, simjui, hanijui. Daktari katia springi. Picha nzuri, na mimi sikuona kivuli chochote. Watu wakaanza kuvua glavu. Nikasema, "Daktari, naomba tutazame kwa ndani."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Chumba kizima kikanigeukia. Daktari akaniuliza, "Jamaa yako huyu?" Nikasema hapana. "Umeona kitu?" Nikasema sikuona kitu. "Basi nani anaomba?"

Nikasema, "Naomba mimi."

Akanitazama. Glavu moja alikuwa ameshaivua, akachukua nyengine akaivaa. Akasema iletwe mashine. Robo saa kamili watu wamesimama na makoti ya risasi mabegani, hakuna aliyezungumza nami. Tukatazama. Springi ilikuwa sawasawa, imelala ukutani pande zote. Hapakuwa na kitu.

Dada, nilivyoona aibu! Yule kijana wa vitambaa alisukuma mashine pembeni akasema nisikie, "Kila mtu na nyumba yake ya kurudi, na yeye anatuweka hapa." Daktari katoka bila ya kuniaga. Mzee wa Sur peke yake ndiye aliyenishika mkono, akasema ahsante, tumekusumbua. Nikamwambia hukunisumbua, baba, ni mimi niliyekusumbua.

Jumamosi tunao wagonjwa watano. Nitaomba kwa wote watano.

Ghanim